Beri Hazifuti Sukari, Baba Chebet

Baba Chebet wangu,

Huko uliko, naomba kusiwe na mtu wa kukukaribisha chai. Hapa kwetu Mogogosiek ilikushinda kabisa, na tangu tukuzike hasira yangu haijaisha.

Unamkumbuka yule sista wa zahanati, mwaka ule wa mvua ya El Nino? Alikueleza polepole: "Mzee, dawa umeze kila siku. Sukari wacha. Ukitamani kitu kitamu, kula beri kidogo." Nikafurahi. Momonik, zile beri nyeusi za miiba, zimejaa kando ya mto, tena za bure! Nikawa nachuma, miiba inanirarua mikono, nakuwekea kwenye bakuli. Ulizila mpaka midomo ikawa myeusi kama ya mtoto wa kuchunga mbuzi, tukacheka. Nilikupenda sana siku hizo.

Kumbe ulikuwa na hesabu yako. Ukitoka kupeleka majani chai kituoni, unapitia kwa Arap Sigei, mwenzako wa rika mliyetahiriwa naye, unamiminiwa chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Siku niliyokufumania na kikombe mkononi, haki ya Mungu, hukuona hata haya.

"Mama Chebet, wacha kelele. Nilikula beri asubuhi. Zimetangulia kuingojea hiyo sukari."

Ati zimetangulia! Nani alikwambia beri ni askari?

Nyumbani ukaleta sababu nyingine. "Mtu wa rika langu anipe chai, niikatae? Atasema namdharau." Nikakwambia, basi mweleze kwamba wewe ni mgonjwa. Sikio la kufa halisikii dawa. Kidonda cha mguu kikaja, kikakataa kupona, na wewe unaitisha beri zaidi, kana kwamba ni mimi niliyezipunguza. Woi, Baba Chebet, ulinichosha! Na sasa nyumba hii bila wewe inanichosha zaidi.

Juzi nilienda kumjulia hali Arap Sigei. Mkewe akachukua birika. Nikasema waziwazi, "Yangu bila sukari."

Mzee akaniangalia, halafu akamgeukia mkewe. "Na mimi nipe hivyo hivyo."

Mkewe akashangaa. Akasema, "Si ni daktari alikukataza sukari zamani, ukakataa kusikia?"

"Ningefanya nini?" mzee akajibu. "Baba Chebet alipenda yake tamu. Ningemwacha anywe peke yake, aone namdharau?"

Sikujua nicheke au nipige mtu. Wanaume wawili wazima, kila mmoja anakunywa ugonjwa wake ili asimwaibishe mwenzake! Lingetosha neno moja tu. Mmoja wenu angelisema, saa hii ungekuwa hapo kwenye kiti chako, nami nakugombeza.

Lala salama, mtu mgumu wewe.

Mkeo,
Mama Chebet