Mraba Nao ni Mstatili

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na natumaini barua hii imekukuta mzima pamoja na shemeji na wadogo wote. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia linawaka moto ukisimama kusuka tangu asubuhi. Nakuomba urudie mtindo wako wa zamani, wewe juu ya kigoda na mteja chini kwenye mkeka. Najua wateja wa siku hizi wanataka viti vya kuzunguka kama wakurugenzi, lakini goti ni lako, si lao. Sisi huku hatujambo. Mimi mwili ni mzima. Moyo sithubutu kusema hivyo, na sababu utaiona huko mbele.

Huenda unajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Dada, kwenye simu mimi ni mwongo. Nikifika pagumu nasema mtandao unasumbua, nakata, halafu napiga baadaye nikiwa nimeshatunga maneno mapya. Kwenye karatasi sina pa kukimbilia.

Aliyekuletea barua hii ni mwanao. Likizo imeanza, kwa hiyo kuja kwake si ajabu, ila umeona amekuja na kila kitu chake, mpaka ndoo na blanketi. Hana nia ya kurudi kwangu. Anataka umwandikishe shule ya hapo kwenu, ile ambayo wewe mwenyewe uliniambia hesabu hufundishwa na mwalimu yeyote aliyekosa kipindi. Mtoto mwenye kichwa kile, dada. Nilipojaribu kumzuia alinijibu kwa adabu kwamba hesabu atasoma zile za lazima tu, basi.

Nilikupigia nikakuambia amekuwa mkaidi na anakwepa kipindi changu cha hesabu. Ukanitaka nimpe simu, ukamgombeza. Nilikuwa nimekaa hapo hapo pembeni yake, nasikia sauti yako. Ulimwambia asinitie aibu mbele ya walimu wenzangu. Aliitikia tu, ndiyo mama, nimesikia mama, akanirudishia simu. Hakujitetea hata kwa neno moja, ingawa alikuwa na la kusema. Naomba nilieleze mimi.

Unakumbuka nilivyokusimulia kuhusu ukuta wangu wa maneno. Darasa la kidato cha kwanza nimelipamba kwa kadi za manila, kila kadi neno na maana yake: kigawo, kigawe, namba tasa, mzingo, kipenyo, uwiano, mlinganyo, yote wanayoyahitaji kabla hawajazama kwenye hesabu zenyewe. Mlangoni nina utaratibu wangu. Kila anayeingia namtajia neno, naye ananipa maana. Asiyejua anasimama nje mpaka aipate. Wanafunzi wameniita Mama Maana, na nilijifanya sijui kumbe moyoni nafurahi. Tabia yenyewe niliipata kwako. Ulikuwa unanisuka huku nikikusomea daftari langu, nami nikibabaika unanivuta nywele kidogo na kusema, rudia.

Mwanao aliyapenda maneno yale kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha. Akayaleta mpaka nyumbani. Sufuria akawa anaiulizia kipenyo, ua wetu akaupima mzingo kwa kamba ya kuanikia. Siku moja nilimwachia vyombo vyote, akaniambia kwamba mchango wangu jikoni ni sehemu ambayo asili yake, ile namba ya chini, inakua kila siku na kiasi cha juu hakisogei. Nilicheka mpaka nikaosha vyombo mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mkaguzi wa shule alikuja. Mwalimu mkuu alikuwa ametuandaa kana kwamba tunapokea bwana harusi, na mimi nilijua ukuta wangu utazungumzwa. Watoto walijibu vizuri, mkaguzi akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaomba mtu achore mstatili ubaoni. Nikamchagua mwanao, maana nilitaka kuringa naye. Akashika chaki, akachora umbo la pande nne, zote sawasawa.

Nikamwambia huo ni mraba. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Ni mraba, mwalimu, na pia ni mstatili. Kadi inasema pande nne na pembe mraba nne. Haikusema pande zisilingane."

Dada, wakati ule sikufikiri. Niliona mkaguzi ananitazama, niliona mwalimu mkuu anasogeza miwani, nikaona mtoto wa nyumbani kwangu ananipinga mbele ya wageni. Nikacheka. Mwalimu akicheka, darasa hucheka. Nikaongeza na neno, ambalo nitakuandikia, ila mkono umekataa kuliandika hapa. Mwanao aliiweka chaki mahali pake, akafuta vumbi mikononi, akarudi kukaa.

Nilipomsindikiza mkaguzi getini alinishukuru kwa kazi nzuri, halafu akaniambia taratibu kwamba mtoto yule alikuwa sahihi. Kila mraba ni mstatili. Si kila mstatili ni mraba. Nilisoma hayo chuoni. Niliyajua, nikayasahau kwa kuchora mistatili mirefu miaka yote. Nikamjibu kwamba nilikuwa namjaribu tu mtoto. Mzee wa watu akatabasamu, akaingia kwenye gari.

Hapo ningeweza kurudi darasani nikasema nimekosea, yakaisha. Badala yake nilingoja watoto watoke, nikaishusha kadi ya mstatili, nikaongeza kwa kalamu ile ile nene: pande mbili ndefu na mbili fupi. Nikairudisha ukutani. Mimi, Mama Maana, nilibadilisha maana ili mtoto awe amekosea.

Kesho yake mlangoni nikamtajia neno hilo hilo. Sijui ni shetani gani alinituma. Nadhani nilitaka aseme nilivyoandika, ili nipumue. Aliitazama kadi kupitia mlangoni, akaona maandishi mapya, akanitazama mimi. Kisha akatoa maana ya zamani, neno kwa neno. Nikamwambia asimame nje. Akasimama kipindi kizima, na tangu siku hiyo hakuingia tena darasani kwangu. Saa ya hesabu huwa anakaa maktaba. Nyumbani anaamka, anafagia, anapika, anasalimia. Ila haniiti tena mama mdogo. Ananiita mwalimu, hata tukiwa mezani wawili tu.

Ijumaa ya kufunga shule nilijikaza. Niliing'oa ile kadi mbele ya darasa, nikawaambia kwamba mwenzao alisema kweli, mimi nilikosea, na kwamba nilikosea tena kwa makusudi nilipoigeuza. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja wa mbele akasema walikuwa wanajua tangu siku ile, wote. Kumbe nilikuwa nafundisha watoto ambao kila asubuhi wananipa maana ya uongo ili waruhusiwe kukaa. Habari zilimfikia mwanao huko maktaba kabla yangu. Alinishukuru, kisha akaenda kufunga mizigo.

Ndipo nikaelewa kwamba mstatili haukuwa tatizo lake. Sasa naliandika lile neno. Siku ile, baada ya kucheka, nilimgeukia mkaguzi nikamwambia asishangae, mtoto huyu ni wa dada yangu, na mama yake naye hesabu zilimshinda mapema.

Nimesema hivyo mimi. Wewe hesabu hazikukushinda. Uliacha shule mama yetu alipoanguka na ugonjwa, ukashika vichwa vya watu ili kichwa changu kiingie darasani, na mwanao anaijua habari hiyo kwa sababu mimi mwenyewe nilimsimulia. Nimeona haya, dada. Naona haya hata kuandika jina lako juu ya bahasha. Ulipokuwa unamgombeza kwenye simu alikuwa na neno moja tu la kukunyamazisha, akalimeza, akakubali kuitwa mkaidi, ili lisifike masikioni mwako.

Nakuomba usimgombeze tena. Ukiona inafaa, mruhusu arudi muhula ujao, akae kwangu au bwenini, popote atakapochagua yeye. Mimi unipe adhabu unayoitaka.

Barua hii nimempa aisome kabla ya kuifunga, maana inamhusu na sikutaka kumbebesha asichokijua. Aliisoma amesimama, mlango ukiwa wazi, begi liko mgongoni. Alipofika kwenye lile neno langu akainua macho akasema, "Hukusema hivyo." Ni kweli, sikusema hivyo. Nililainisha. Nikachukua kalamu nilisahihishe, akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Acha hivyo hivyo," akasema. "Mama asilijue."

Nimeacha. Ujue tu kwamba nilichosema kilikuwa kibaya kuliko ulichosoma, na kwamba mwanao anakijua chote kwa moyo. Usimuulize.

Nisalimie shemeji na wadogo, na majirani wote wanaoniulizia. Goti lako ulikande kwa maji ya moto kila jioni.

Ni mimi mdogo wako, uliyenisuka.