Beringi Hazifi Majira ya Baridi

Jumatatu, 6 Februari

"Beringi hazifi majira ya baridi." Kayasema hayo Tuomo, meneja wetu wa uzalishaji, kwenye kikao cha asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, mbele ya watu wazima. Akaonyesha skrini: programu mpya ya kutabiri uharibifu imeupaka mtambo wote wa kadibodi rangi ya kijani mpaka Juni. Hakuna hatari. Tuendelee.

Upuuzi. Beringi ni chuma kinachoishika rola izunguke, na chuma hakisomi kalenda. Beringi huuawa na uzito, joto, grisi chafu na maji — na maji yamepenya kwenye rola ya juu, kule ndani ya banda la kukaushia karatasi. Mtetemo wake unapanda tangu Krismasi. Mimi ndiye ninayepima mitetemo hapa kiwandani, na nimepiga hesabu kwa kutumia beringi zote za aina ile tulizowahi kufunga. Uwezekano kwamba hii itavunjika kabla ya mtambo kuzimwa kwa matengenezo mwisho wa Machi ni saba kwa kumi. Nikaomba zamu moja tu ya kuuzima mtambo na kuibadilisha.

Tuomo akakumbushia Oktoba. Nilipiga kelele, wakazima, wakafungua, beringi ikakutwa nzima. Watu wakacheka chinichini. Nikamwambia Oktoba nilisema sita kwa kumi. Zile nne zilizobaki alidhani ni za nani? Hawataki hesabu hawa, wanataka nabii. Kisha wanampiga mawe kwa kutokuwa nabii.

Nilisahau kuchomeka hita ya injini ya gari, ikaganda isiwake. Nimerudi nyumbani kwa miguu, theluji mpaka magotini. Nimechoka hata kukasirika vizuri siwezi.

Jumatano, 8 Februari

Nimeipata sababu ya kijani kile! Na si siri. Ni ujinga ulio wazi kiasi cha kumliza mtu.

Kila mwaka mtambo huzimwa kwa sikukuu ya Juhannus, ya katikati ya kiangazi. Nchi nzima iko kando ya maziwa, inakoka mioto na kulewa, na mafundi ndipo wanapopata nafasi ya kubadilisha beringi, nzima kwa mbovu, kwa sababu tu banda liko wazi. Programu imelishwa tarehe hizo. Kila beringi iliyotolewa, imeihesabu kuwa imekufa! Basi ikajifunza kwamba beringi za Kifini hufa mwishoni mwa Juni, kwa makundi, kama walevi wanaotumbukia ziwani. Miezi mingine zina afya ya milele.

Wachungaji wa parokia zetu walianza kuhesabu wafu tangu zama tulipotawaliwa na Uswidi, wino ukiwagandia kwenye kalamu. Hawakumzika mtu kwa kuwa kahamia parokia ya jirani. Aliyehama waliandika kahama. Tunajua aliishi mpaka siku ile. Ya baadaye hatuyajui. Beringi iliyotolewa nzima imehama. Haijafa! Hili ni somo la kwanza kabisa kwa yeyote anayetaka kukisia vitu vitaharibika lini, na programu iliyoletwa kutoka Helsinki kwa keki na hotuba hailijui.

Nimewaandikia waliotuuzia. Wamejibu mchana huohuo, kwa adabu zote: historia ya kiwanda chetu inaonyesha "mwelekeo imara wa msimu". Imara kweli. Mwelekeo wa kwenda likizo.

Alhamisi, 9 Februari

Supu ya njegere kantini. Nilikaa na Alpo, mume wa dada yangu Kaisu. Karatasi ikikatika mtamboni, yeye ndiye anayeingia ndani ya banda kuondoa mabaki kwa mikono, rola zikizunguka juu ya kichwa chake. Ile ya juu ikikwama katika kasi ile itawaka: grisi, vumbi la karatasi, joto. Na njia ya kutokea ni moja, nyembamba.

Nikamweleza yote. Akasikiliza huku anakoroga haradali kwenye supu.

"Kwa hiyo, shemeji, nitaungua asilimia sabini? Thelathini inabaki wapi, miguuni?"

Meza nzima ikacheka. Na mimi pia nikacheka, ndilo linaloniudhi. Baadaye, tukirudisha sahani, akasema polepole kwamba yeye haingii mle kwa kupenda. Lakini yeye asipoingia ataingia mwenzake, na yeye atamtazamaje huyo usoni wakioga pamoja kwenye sauna?

Nikarudi kwenye vipimo vyangu.

Jumatatu, 13 Februari

Mtetemo umepanda tena. Nikaingia ofisini kwa Tuomo bila kugonga, nikamchorea ubaoni habari yote ya Juhannus. Akaielewa! Mara moja. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mjinga. Akakubali kwamba kijani kile hakina maana yoyote, akasimama dirishani akitazama malori yakipakia.

"Sawa, Aune. Nipe siku."

"Siku sina. Nina uwezekano."

"Mteja simwambii uwezekano mimi. Nitajie siku itakayovunjika, nitazima siku moja kabla."

"Ningeijua siku, Tuomo, ningefungua kanisa langu."

Hakucheka. Alisema mtambo utazimwa mwisho wa Machi kama ilivyopangwa, na kwamba naye ana watu juu yake. Kila mtu nchi hii ana watu juu yake. Kule juu kabisa sijui kuna nani. Labda programu.

Nilipofika kwenye ngazi ndipo jibu likanijia, kama kawaida yangu: nyumba yake ameikatia bima ya moto. Je, aliuliza itaungua tarehe gani? Nikageuka nirudi. Nikaghairi. Magoti yananiuma.

Ijumaa, 17 Februari

Kaisu kapiga simu. Nilidhani atanishukuru! Kumbe Alpo halali vizuri, na kosa ni langu kwa kumtia maneno kichwani. Nikamwambia maneno hayaunguzi mtu. Akasema tatizo langu nimeshapigia kelele kila kitu mji huu — barabara ya shule, maktaba kufungwa, paa la kanisa, barua gazetini kila mwezi.

"Watu wanakusikia kama friji, Aune. Mtu hulitambua likinyamaza tu."

Kuhusu maktaba nilikuwa sahihi. Kuhusu paa pia. Lakini kuwa sahihi si kusikiwa, na umri huu ndio ninajifunza.

Nikamwuliza kama angependa ninyamaze. Nikasikia maji ya sinki. "Hapana," akasema, akakata.

Jumapili, 19 Februari

Theluji. Nimelala mchana kutwa. Sijasoma hata ukurasa.

Jumanne, 21 Februari

Ninaandika haya kwenye chumba cha udhibiti, kwa haraka.

Leo hakuna haja ya kihisi cha mtetemo. Unaisikia beringi kwa masikio yako: mngurumo chini ya ngurumo nyingine, unakuja na kuondoka. Mchoro wa mtetemo haupandi tena, umeruka. Hesabu yangu sasa ni tisa kwa kumi kabla wiki haijaisha. Tuomo yuko Lapland, kaskazini, na watoto wake, wiki ya likizo ya kuteleza kwenye theluji. Mwenye zamu ni Mervi, msimamizi wa kundi la mchana. Ana mamlaka ya kuzima, na hataki kuwa wa kwanza kuyatumia.

Alikuja na pulla, mikate mitamu ya krimu ya sikukuu ya leo, kabla ya Kwaresima kuanza. Wenzake wakaanza ugomvi wa kila mwaka, ndani iwe jamu au lozi. Nikawasha sauti ya rola kwenye spika. Ugomvi ukaisha.

Mervi akanivuta pembeni. Alinong'ona kama tuko hospitali.

"Na ikikutwa nzima tena?"

"Itakuwa imekutwa nzima. Mtanicheka mpaka Pasaka, na mimi nitakuwa nanyi."

"Wewe utapoteza nini? Mimi nina mkopo wa nyumba."

Ni kweli. Sikumbishia, mara ya kwanza tangu tujuane, alisema. Nikamwambia kuna kitu kimoja kisichohitaji sahihi ya Tuomo wala yake: sheria inamruhusu mfanyakazi kukataa kazi inayoweza kumwua. Haimdai athibitishe siku.

Sasa Mervi anampigia Tuomo. Simu inaita. Mtambo unaenda, karatasi bado haijakatika, lakini asubuhi imekatika mara mbili na itakatika tena. Nimebandika tangazo kwenye mlango wa banda la kukaushia. Alpo amesimama mbele yake, pulla mkononi haijaumwa, wenzake wawili nyuma yake. Wanasoma. Hakuna anayetania. Nimeandika hivi, na nisingebadilisha neno:

Ninyi wa zamu ya mchana — Alpo, Jouko, Hilkka. Karatasi ikikatika, msiingie. Hata mmoja wenu asiingie, asije mwenzake akalazimika kumfuata. Kaeni nje ya mlango huu, wote pamoja, mpaka rola isimame. Mtambo uzimwe kwanza.