Niliandika Kwamba Nimeona

Ngungu, mwezi wa nane 1956

Mpendwa Papa Émile, mshauri wetu sisi wasomaji, naomba unisaidie, maana nimefika mahali ambapo nikimwona mama mmoja wa hapa kwetu anakuja upande wangu nabadili njia, mimi mwanamume mzima mwenye mke na watoto.

Kazi yangu ni kuandika. Zamani nilikuwa mwalimu, nikaacha, kwa sababu nilipenda kuandika kuliko kufundisha, na sasa nawaandikia watu barua zao, na kila juma napeleka habari za milima yetu kwa gazeti moja la Bukavu ambalo silitaji. Si mtu wao wa ofisini. Habari wakiipenda wanaichapa, wasipoipenda siambiwi kitu. Chini yake natia jina la Jicho la Milimani, na hapa Ngungu hakuna anayejua kwamba Jicho hilo ni mimi, isipokuwa mke wangu. Mwanzoni bwana mhariri alinieleza kwamba habari ambayo mwandishi ameiona mwenyewe inawekwa mbele, na ile ya kusikia inawekwa ndani karibu na matangazo ya baiskeli, kama haikutupwa.

Sasa, mwezi wa tatu nilishuka ziwani Bweremana kutafuta samaki, nikamkuta dereva mmoja anaitwa Isidore, ametoka njia ya Hombo, uso umemshuka, akanieleza kwamba kamyo moja, lori la wachuuzi, imeanguka mtoni karibu na Hombo na watu wengi wamekufa. Nikamuuliza kama kulikuwa na mtu wa kwetu Ngungu. Akajibu, "Athanase, ule wa maharagi. Nilimuona anapandisha mifuko yake mu ile kamyo asubui." Papa Émile, sikumuuliza kama Athanase alikuwa bado ndani kamyo ilipoanguka. Swali dogo hivyo, na mimi ni mtu ambaye kazi yake ni kuuliza. Tena kulikuwa na gari linaelekea Hombo kesho yake, na nafasi ilikuwepo, lakini niliogopa kwamba mwandishi mwingine angenitangulia, basi nikaketi palepale ufukoni, nikaandika kwamba nimefika mahali pa ajali, nimeona kwa macho yangu maiti zikitolewa majini, na mmoja wao alikuwa Athanase wa Ngungu. Ilichapwa mbele kabisa, na mhariri akanipelekea maneno ya kunisifu.

Lazima nikueleze desturi ya hapa kwetu, ndipo utajua uzito wa nilichofanya. Mtu anayeleta habari ya kifo haketi kwanza. Anasimama katikati ya uwanja na kusema nimeona, ao anasema nimesikia. Akisema nimesikia, hakuna anayelia. Vijana wanatumwa kwenda kutazama, na moto jikoni unaendelea kuwaka. Akisema nimeona, moto unazimwa na matanga yanaanza, na hakuna wa kutumwa tena, kwa sababu kumtuma mtu ni kumwita mleta habari mwongo. Mimi ni mtoto wa milima hii. Niliijua desturi hiyo kabla sijajua kusoma.

Na gazeti lilipofika, nani aliyeombwa kulisoma? Ni mimi. Jumapili baada ya ibada watu huketi sokoni nami nawasomea, na siku hiyo nilitaka kuruka ile habari, lakini karani mmoja alikuwa amekwisha kuona jina la Athanase, basi nikaisoma yote. Mama Emérita, mama yake Athanase, alikuwa ameketi mbele. Akaniuliza, "Mutoto wangu, ule muntu aliandika, aliona kweli? Ao alisikia tu?" Nami nikamjibu kwamba gazeti halisemi uongo: "Mama, gazeti haisemaka bongo." Akainuka akaenda kuzima moto.

Mke wake Céline alinyolewa kichwa, akarudishwa kwa baba yake kule Masisi. Misa ya wafu ilisomwa. Nilikwenda kwenye matanga, nikalia na wengine, na nakuapia kwamba nililia kweli, maana Athanase alikuwa mtu mwema na nilidhani amekufa.

Mwezi wa sita Athanase akarudi, amekonda, na fimbo mkononi. Homa ilikuwa imemshika njiani, akashuka kabla ya kufika Hombo na kuacha mifuko yake iendelee, na wawindaji wa Walikale wakamchukua nyumbani kwao mwituni, wakamuuguza mpaka akapata nguvu ya kutembea. Alipoingia uwanjani mama yake alipiga kelele akarudi nyuma. Athanase akamwambia, "Niko muzima, mama. Nishike mukono, utasikia joto." Mama Emérita alilia sana lakini hakumshika. Wazee wakasema mtu aliyekwisha kuliliwa hapiti mlango wa nyumba yake mpaka yule aliyeleta kifo na kusema ameona aje asimame palepale aseme hakuona, akitoe kifo alichokileta. Mwingine hawezi kukitoa, hata akiwa chifu. Padri alikuja akawakaripia, wakavua kofia wakamsikiliza vizuri, na alipoondoka hakuna kilichobadilika. Mpaka leo Athanase analala kwenye nyumba ya mbuzi ya jirani. Mama yake anamwekea sahani juu ya jiwe, halafu anasogea mbali ndipo mwanawe aje kula. Baba yake Céline anasema binti yake hawezi kukaa na mtu wa namna hiyo, na mavuno yakiisha atamtafutia mume mwingine.

Juma lililopita wazee walikuja kwangu na Mama Emérita. Mkubwa wao akasema, "Weye njo unajua kuandika. Andikia bantu ba gazeti, batutumie ule muntu. Hatutamupiga. Aje tu aseme." Nimekubali. Barua nimeiandika vizuri sana, na sijaipeleka.

Tena mhariri ameniandikia kwamba mwakani atanichukua Bukavu, niwe mtu wa gazeti kabisa, na ninajua akisikia haya imekwisha. Nimefikiri niseme ni kosa la mtambo wa kuchapa, ao nimwombe Isidore aje aseme yeye ndiye aliyeona. Papa Émile, mke wangu amekwisha kuniambia la kufanya, lakini nataka nilisikie kwako. Nifanyeje?

Mimi mwenye majuto, Ngungu.

*

Ndugu yangu wa Ngungu,

Mke wako amekuambia ukweli, nawe umetafuta mshauri wa mbali ukitumaini atakuwa mpole kuliko yeye. Umekosea mtu.

Nianze na lile ninalolielewa. Najua maisha ya mwandishi asiye na ofisi, maana mimi mwenyewe naandika hivyo, na najua hofu ya kutanguliwa na mwenzako. Hakuna anayekulipia gari la kwenda Hombo, na mhariri anayeweka mbele habari za kuonwa tu anajua, ao alipaswa kujua, kwamba anawafundisha waandishi wake kuona wasichokiona. Sehemu hiyo ya kosa si yako peke yako, nami ninakuhurumia.

Lakini huruma yangu inaishia Bweremana. Sokoni, mama alikuuliza swali lililo bora kuliko yote uliyomuuliza dereva. Aliuliza kile ambacho mhariri wako hakukiuliza. Alikupa nafasi ya kusema neno moja, na kama ungesema "alisikia", vijana wangekwenda Hombo, na mtoto wake angerudishwa kwa machela badala ya kurudi peke yake na fimbo. Kule ufukoni uliandika uongo kwa haraka. Pale sokoni hukuwa na haraka yoyote. Sikufichi, hilo ndilo lililoniuma niliposoma barua yako, na natumaini litakuuma muda mrefu.

Sasa mambo yako ya mtambo. Mtambo wa kuchapa haukwenda Hombo, nawe hukwenda. Wale wachapaji wana watoto pia, waache. Na Isidore alikuambia alichokiona, hakuongeza hata kidogo, kwa hiyo usimguse. Ukimleta aseme uongo wako, utakuwa umeleta uongo wa pili uwanjani kwa Mama Emérita, na safari hii kwa miguu.

Usiulize kama desturi ya wazee ni ya kweli ao ya upuuzi. Naona barua yako imepita hapo kimya, na umefanya vema, kwa sababu wewe uliitumia. Ulijua watu wako wakisoma "nimeona" watazima moto. Padri hawezi kukitoa kifo hicho, nami siwezi.

Fanya hivi. Ile barua ichome. Amka mapema, nenda kwa Mama Emérita ukiwa peke yako, bila mbuzi na bila pombe. Zawadi zitakuja baadaye, na wazee watakuambia ni zipi. Usiketi. Ukipewa kiti, kataa. Sema jina lako na la gazetini, useme hukufika Hombo, hukuona kitu, ulisikia nusu ya habari na nusu nyingine ukaitunga. Usilie kabla hujamaliza. Ukimaliza hapo, panda Masisi siku hiyohiyo, urudie maneno yaleyale mbele ya baba yake Céline, naye Céline awe anasikia, maana alinyolewa kwa ajili ya sentensi yako. Kisha mwandikie mhariri, umwombe achape masahihisho mbele kabisa, palepale kifo kilipochapwa, na jina lako la ubatizo chini.

Kuhusu kazi ya Bukavu: nadhani utaikosa. Sitakudanganya ili upate nguvu ya kwenda. Huenda watu wa Ngungu pia hawatakuletea tena barua zao kwa muda, nao watakuwa na haki. Ukiandika tena siku moja, ulichosikia andika umesikia, hata kikiwekwa karibu na baiskeli.

Na siku Athanase atakapopita mlango wa nyumba yake, na mama yake akamshika mkono, na watu wakapiga vigelegele, wewe utakuwapo na utaona yote kwa macho yako. Habari hiyo usiiandike. Mwachie mwingine.

Papa Émile