Simu ya Kibao

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, nikiomba barua hii ikukute mzima, na mgongo uliokusumbua kwa kufua mashuka ya watu uwe umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Mama bado anaburuza mguu, ila mdomo haujapungua nguvu. Jana alimgombeza fundi bomba mpaka mwanamume wa watu akaondoka akasahau spana yake jikoni.

Mwanao hajambo kwa mwili. Viatu ulivyomwachia vimeshambana, nimemnunulia vingine. Mengine ndiyo yaliyonikalisha na kalamu, maana najijua: kwenye simu ningekuficha.

Unakumbuka alivyokuwa na maneno mengi mpaka tukamwita Chiriku. Ulipoondoka, maneno yakakauka. Pale chekechea ninapofundisha akawa anakaa chini ya meza, na mwenzake akimsogelea, anamng'ata. Sikumlazimisha. Kazi yetu ndiyo hiyo: unakaa kwenye mkeka, unamwacha mtoto aongoze mchezo, nawe unafuata. Mtoto wa miaka minne hawezi kukuambia ana huzuni. Atakuonyesha kwa mdoli, kwa udongo, kwa chochote kilicho mkononi. Wiki ya tatu akatoka chini ya meza, akachukua kibao cha kujengea, akakiweka sikioni: "Haloo, mama?" Kisha akanipa mimi kibao cha pili.

Dada, nilijua la kufanya. Kila mkutano nawaambia wazazi: muulize mtoto, mama anasemaje? Mwache ajibu mwenyewe. Lakini alinitazama kwa macho yale, nikajibu kwa sauti yako, pamoja na kile kicheko chako cha puani.

Akafunguka. Ndani ya mwezi alikuwa anaimba, anauza duka la vifuniko vya chupa, anampisha mwenzake kwenye bembea. Mwalimu mkuu alinisifu mbele ya wazazi, nami nikavimba kichwa. Kila asubuhi, hata begi hajalitua, Chiriku alikupigia.

Siku moja akauliza utakuja lini. Nilikuwa nimembeba mtoto aliyetapika, wengine wawili wanagombea ndoo, nikasema ili yaishe: Jumamosi.

Jumamosi hiyo alivaa viatu tangu asubuhi, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Mama alimwita ale, akakataa, akasema tutakula wote ukifika. Jua likazama. Nilipomnyanyua kumwingiza ndani hakulia. Afadhali angelia.

Kesho yake ulipopiga, kama kila Jumapili, nikampa simu. Akaisukuma. "Huyo siyo mama. Mama yuko kwenye kibao." Nikakuambia amelala.

Sasa nisikilize, dada, na ukitaka kunitukana, nitukane. Jumapili mbili zilizofuata nilikuambia vilevile, naye alikuwa macho, hatua tano kutoka niliposimama, akichezea maji kwenye beseni. Hata kumwita sikumwita. Wala haikuwa woga peke yake. Mimi sijabahatika kupata wangu, unajua. Aliposema mama yuko kwenye kibao, moyo wangu ulifurahi. Nilitaka ibaki hivyo.

Amerudi chini ya meza. Juzi nilijikunja nikaingia naye humo, nikamwambia ile sauti ilikuwa yangu, na uongo wa Jumamosi ni wangu, si wako. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mama hapigi simu?" Nikamwambia unapiga, ila mimi ndiye niliyekuwa simwiti. Akanigeuzia mgongo.

Mwalimu mkuu nimemweleza yote. Amemhamishia mtoto kwa mwalimu mwenzangu, na sina la kubisha.

Piga Jumapili hii. Nitaiweka simu sakafuni karibu naye, niondoke. Akinyamaza, usikate. Mwimbie, au mweleze tu unavyokunja mashuka. Siku ya kurudi usimtajie.

Mama anakusalimu sana. Haya hajayajua bado; nitamwambia kwa kinywa changu. Wenzako wa kazini nao wape salamu zetu, na huo mgongo usiuonee.

Ni mimi mdogo wako, ninayesubiri jibu lolote utakalonipa.