Waya wa Picha ya Mama Odette

Jumatatu, 15 Juni 2015

Cherehani mbili leo. Ya kwanza ilijaa vumbi la pamba mpaka ndani ya mota. Ya pili haikuwa na ugonjwa wowote, mwenyewe alifunga sindano kinyume. Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Kaninunia mchana kutwa.

Baridi kali. Vidole havishiki skrubu.

Salvatori, yule Mrundi anayepiga picha za pasipoti kwenye bustani ya Joubert Park hapa Johannesburg, alipanda ngazi na boksi. Ndani, kichwa cha kamera chenye mota. Unakifunga kwenye stendi, unaweka kamera juu yake, nacho kinageuka hatua kwa hatua hadi kimezunguka chumba kizima. Baadaye picha zote zinaunganishwa ziwe moja ndefu. Alikinunua kwenye studio iliyokuwa ikifungwa. Kimekuja bila waya wa kukiunganisha na kompyuta. Alitaka mimi niutengeneze.

Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Chumba chetu cha mafundi wa kushona kinafungwa mwisho wa mwezi, mwenye jengo anataka kukigawa kiwe vyumba vya kupanga. Jumamosi ya tarehe 27 Mama Odette anapanda basi kurudi kwao Lubumbashi. Ndiye aliyekikodi chumba hiki, ndiye aliyempa kila mmoja wetu pembe yake. Ameomba kitu kimoja tu: picha ya watu wote, kila mtu mahali pake, kwenye mashine yake, asikosekane hata mmoja. Chumba ni kirefu na chembamba. Kamera ya kawaida inashika watu sita. Sisi ni ishirini na sita.

Jumanne, 16 Juni

Sikukuu. Chumba kitupu, raha tupu. Nilikifungua kile kichwa. Kizuri mno. Meno ya gia ni ya shaba, hayajalika hata kidogo. Aliyekiunda alikuwa fundi kweli.

Tundu lake ni kama la simu ya mezani, pini sita. Upande wa pili wa waya unataka plagi ya pini tisa, na laptop ya Salvatori haina tundu la namna hiyo. Itabidi adapta ya USB. Nyaya ninazohitaji ni tatu tu: wa kusema, wa kusikia na wa ardhi. Kinachosemwa na kompyuta kifike kwenye sikio la kichwa, na kinachosemwa na kichwa kifike kwenye sikio la kompyuta. Pini ya mwisho inabeba volti kumi na mbili za betri. Hiyo haiguswi.

Nimechora yote kwenye karatasi ya kukatia patani za nguo. Mchoro safi. Najipongeza, hakuna mwingine wa kunipongeza.

Jumatano, 17 Juni

Nimekwenda mtaa wa Fordsburg kutafuta adapta. Maduka matatu kabla ya kuipata. Muuzaji aliuliza ni ya nini. Nilisema ni ya cherehani inayopiga picha. Alinitazama vibaya, lakini aliniuzia.

Alhamisi, 18 Juni

Nimelehemu asubuhi. Nimechomeka. Harufu ya plastiki inayoungua, kisha kimya. Adapta imekufa.

Nilichomoa kila kitu. Kichwa chenyewe kimepona, nimekipima na mita, hakina jeraha. Bahati tu. Kingeungua, picha ya Mama Odette ingekwisha hapo hapo, maana kingine hakipo.

Nilimwambia Salvatori kwamba adapta ilikuwa feki. Ni uongo. Nimeona aibu kusema ni mimi.

Ijumaa, 19 Juni

Mama Odette alikuja na mkasi wake mkononi, alikuwa anakata mikono ya gauni la harusi. Akaona karatasi yangu mezani. Hajui umeme hata chembe. Aliitazama kwa muda, akaigeuza, akaigeuza tena.

«Ulichora kwa uso ao kwa mugongo?»

Basi. Nilihisi joto mpaka masikioni. Nilichora plagi kama inavyoonekana kwa mbele, halafu nikalehemu kwa nyuma nikifuata mchoro ule ule. Kushoto kukawa kulia. Volti kumi na mbili zilikwenda moja kwa moja kwenye sikio la adapta. Ni kosa la mwanagenzi anayekata mikono miwili ya bega moja. Miaka tisa nimekaa humu nikiwacheka mafundi kwa kosa hilo hilo, na nilicheka kwa sauti.

Nilikwenda bustanini kumwambia Salvatori ukweli. Aliniambia alijua. Yeye hununua vifaa vyake duka lile lile, hajawahi kuuziwa feki. Nimenunua nyingine.

Jumatatu, 22 Juni

Nimelehemu upya. Safari hii nilipima kila pini mara mbili kabla ya kuchomeka. Hakuna harufu. Hakuna kitu kingine pia. Naandika amri, kichwa kimekaa tu. Saa nzima hivyo. Nilianza kukichukia.

Kumbe kompyuta ilikuwa inaongea haraka kuliko kichwa kinavyosikia. Nilipunguza kasi. Niliandika amri ya kugeuka nyuzi thelathini, na kichwa kikageuka. Taratibu, na sauti nyembamba ya mota, kikasimama mahali hasa nilipotaka.

Nilipiga makofi peke yangu. Mafundi wakageuka wote. Nikakigeuza tena ili waone. Leo nina furaha, basi.

Jumatano, 24 Juni

Mazoezi. Kamera katikati ya chumba. Hatua kumi na mbili kumaliza mzunguko. Salvatori anachuchumaa chini ya kamera na kubonyeza kila kichwa kinaposimama, mimi naandika amri ya hatua inayofuata. Yeye hataki kujifunza amri. Anasema kila mtu na kazi yake. Sawa.

Mashine nne zimeshafungwa kwenye katoni. Nimewaomba wenyewe wazifungue kwa siku moja. Wamekubali kwa kunung'unika.

Alhamisi, 25 Juni

Picha imepigwa. Watu wamekuja na nguo zao nzuri, mmoja na kofia ya mwanawe. Dakika tano hakuna aliyetikisika. Salvatori aliziunganisha papo hapo kwenye laptop. Chumba chote, toka mlango hadi mlango.

Mama Odette alivaa miwani, akaanza kuhesabu kwa kidole kwenye kioo. Alifika mwisho, akarudia. Ishirini na watano.

«Hakuko bote,» alisema. «Weye uko wapi?»

Nilikuwa chini ya kamera, nimebanana na Salvatori, laptop mapajani. Waya ni mfupi. Urefu wa mkono mmoja. Niliukata hivyo bila kufikiri, kama ninavyokata nyaya zote za cherehani, mtu asijikwae wala pedali isiukanyage. Nilimweleza. Nikamwambia si kitu, mimi si mshonaji, mimi natengeneza mashine tu, na watu wanataka kuhama.

Aliifunga laptop kwa mikono yake.

«Niliomba bote.»

Wawili walikuwa wamekodi gari la kuhamisha mashine zao kesho asubuhi. Alikwenda kwao, akazungumza nao polepole, sikusikia maneno. Gari sasa litakuja saa tisa alasiri.

Nimeona haya kuwasumbua watu ishirini na watano. Lakini niseme ukweli hapa, hakuna anayesoma: nilipoona hesabu imepungua nilitaka kulia. Sikujua nataka kuwemo. Nataka sana.

Ijumaa, 26 Juni

Mgao wa umeme tangu saa nne. Bila shaka. Chuma cha kulehemu ni cha umeme. Nilipasha ncha yake kwenye jiko la gesi tunalochemshia chai, nikalehemu viungo vitatu, nikairudisha motoni, nikamalizia. Viungo ni vibaya, ningemcheka mtu mwingine. Lakini mita imesema ndiyo.

Mita sita za waya. Unatoka kwenye kichwa, unapita sakafuni kati ya mashine, unafika mezani kwangu dirishani. Laptop na kichwa vilikuwa na betri, kwa hiyo mgao haukutushika. Mwanga wa dirisha ulitosha. Nilikaa mahali pangu. Salvatori alibaki peke yake chini ya kamera, akawa ananyanyua mkono kila akimaliza.

Hatua ya saba, kichwa kiligoma. Nikaandika tena. Kimya. Nilifuata waya kwa macho: yule aliyefunga sindano kinyume ameuwekea mguu wa kiti, plagi imevutika. Nilimwomba anyanyue kiti. Alinyanyua, akaomba radhi, nami nikamwomba radhi kwa kumwumbua mbele ya watu Jumatatu ile. Tukaanza upya toka hatua ya kwanza.

Mama Odette alihesabu mara tatu. Ishirini na sita. Alinishika shavu kwa mkono wenye chaki ya kukatia.

Gari lilikuja saa tisa kamili.

Jumapili, 28 Juni

Mama Odette yuko njiani. Jana nilimsindikiza stesheni ya mabasi. Picha yake imo ndani ya bomba la kadibodi la kuzungushia kitambaa, hakutaka ikae kwenye sehemu ya mizigo.

Ya kwangu nimeibandika ukutani juu ya kitanda. Imechukua ukuta mzima. Chai, mkate, blanketi. Nimekaa nayo asubuhi yote, nikimtazama mmoja mmoja.

Salvatori aliomba radhi kwa kitu kimoja. Watu wote wanatazama kamera, isipokuwa mimi. Nimeinama, kidole kimoja kiko juu ya kitufe, na waya unaanzia mezani kwangu, unapita miguuni pa watu wote. Alisema anaweza kuufuta kwa kompyuta. Nimemwambia auache.

Sikujua kwamba ninapofanya kazi huwa natabasamu.