Nusu Niliyouza

Mamba, Same
Jumapili, 10 Novemba

Kaka yangu Eliufoo,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima hapo Kahama, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa vumbi kimetulia. Sisi huku hatujambo. Mama anakula makande vizuri, ila magoti yanamsumbua asubuhi za ukungu. Kanisani haachi kwenda, na bodaboda hataki hata kuisikia. Anasema hawezi kumkumbatia kijana wa watu mgongoni huku mchungaji anamtazama. Kwa hiyo tunatoka saa nzima kabla ya kengele, tunatembea polepole, yeye akiwasalimia hata watu walio ng'ambo ya bonde.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimejaribu kukupigia mara tatu kwa ajili ya jambo hili, na mara zote tatu tumeishia kuzungumza habari za mvua. Uliponiambia unakuja Desemba kuanza msingi wa nyumba, ukaniuliza kama hela yako ya tangawizi ipo, nikajibu ipo salama. Sikukudanganya, lakini sikukuambia yote. Tafadhali kaa mahali pametulia, soma mpaka mwisho, hasira ije baadaye.

Mwaka jana, baada ya kuvuna shamba lako na langu, nilishusha magunia Hedaru kwa Abdulmajid, yule mfanyabiashara anayenunua tangawizi yetu miaka yote. Aliponilipa aliniuliza hela nazipeleka wapi. Nikamwambia nitazifunga kwenye kitenge, kama kawaida. Alicheka, kisha akanionyesha simu yake. Kulikuwa na majina ya makampuni na tarakimu pembeni, nyingine za kijani, nyingine nyekundu. Akasema hiyo ni potifolio yake. Neno lenyewe lilinitisha kama jina la ugonjwa, lakini akanieleza taratibu kwamba ni mkusanyiko tu wa vitu ambavyo mtu ameweka fedha zake, hisa za kampuni hii na ile, ili moja ikilala nyingine iwe macho. Kampuni ya bia hakuigusa kwa sababu ya dini yake, benki za riba vilevile. Akaniambia kila mtu kapu lake hulipanga kwa akili yake na dhamiri yake.

Kaka, nilirudi nyumbani usingizi umeniruka. Nilijiuliza inawezekanaje mimi Agape, ambaye mwisho wangu wa safari ni Same mjini, nimiliki kipande cha kiwanda ambacho sijawahi kukiona hata kwenye picha. Mwezi haukuisha nikawa nimejaza fomu kwa dalali wa hisa aliyesajiliwa, nikaweka laki sita zangu na laki sita zako, zote kwa jina langu kwa sababu wewe hukuwepo kusaini. Nikanunua hisa za kiwanda cha saruji na za benki moja. Kwenye daftari langu la tangawizi nikagawa ukurasa katikati. Upande mmoja nikaandika E, upande mwingine nikaandika A, na kila nilichonunua nilikiandika pande zote mbili sawasawa.

Basi nikawa mtu wa maajabu. Nilipopita duka la vifaa vya ujenzi Same nilisimama mbele ya mifuko ya saruji nikaipigapiga kama mtu anayekagua ng'ombe wake, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nanunua. Gawio la kwanza lilipoingia kwenye simu, elfu kumi na mbili tu, nilikaa chini palepale shambani. Sikulima, sikubeba, sikupanga bei na mtu, na fedha imekuja. Nilimwonyesha mama, naye akaniuliza ni nani amekufa akaturithisha.

Tena niliitwa mkutano mkuu wa wanahisa. Ulikuwa wa kwenye simu, kwa hiyo tulipanda mimi na mama mpaka kwenye kile kilima nyuma ya kanisa ambako intaneti inashika. Mwenyekiti, mtu mwenye tai na mvi, aliwasalimia wanahisa, na mama akamwitikia kwa sauti kubwa, akamuuliza na habari za nyumbani kwake. Kisha yule mzee akasema sisi ndio wenye kampuni, na kwamba kila mmoja apige kura. Niliangalia mabuti yangu yenye matope, nikaangalia kidole changu chenye rangi ya tangawizi, nikapiga kura. Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Sasa nakuja kwenye Januari. Bei zilianza kushuka. Wiki ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, mpaka robo nzima ya fedha ikawa haipo. Siku hiyo tulikuwa kwenye msaragambo wa kuzoa tope la ndiva yetu ya juu, lile bwawa la maji ya mifereji, kijiji kizima, nami nimezama magotini, ndipo simu ikalia mfukoni na kuniletea bei mpya. Abdulmajid alishaniambia tangu mwanzo kwamba hisa haiozi, kwamba bei ikishuka kampuni nzuri bado inaamka asubuhi na kufanya kazi. Nilimsikia, lakini mimi nimelelewa na tangawizi. Wewe mwenyewe unajua lori likija na bei ya chini tunavyofanya hapa: hakuna anayengoja, kila mtu anakimbilia jembe, maana kesho bei itakuwa mbaya zaidi na mzigo utaanza kunyauka. Mikono yangu ilifanya inachokijua. Nilipanda kilimani na tope langu, nikamwagiza dalali auze nusu. Ile nusu nyingine niliiacha, nikasema liwalo na liwe.

Nusu niliyouza ilirudisha laki nne na nusu, nikaziweka benki. Nusu niliyoiacha ilishuka tena kidogo, ikasimama, halafu ikaanza kupanda. Ilipanda wakati wa masika, ikapanda tunavuna, ikapanda mimi nikiwa nimeshaacha hata kuitazama. Ilipofika mwezi wa tisa ilikuwa na thamani ya laki tisa. Kitu kilekile, cha siku moja, cha bei moja, nusu yake nimeikimbia ikabaki ndogo, nusu yake nimeisahau ikawa kubwa. Sijui kama umewahi kuona jambo ambalo hujui ucheke au uogope.

Oktoba jua lilikuwa kali, ikafika zamu yetu ya maji. Tulikuwa watu saba. Alfajiri tukamkuta Vitus, ambaye sasa ndiye msimamizi wa ndiva, amesimama ukingoni ameshika kiuno. Ukuta ulikuwa umepasuka usiku, na nusu ya maji yalikuwa yameshatokomea bondeni. Hakuna aliyebishana. Vitus alisema tu kwamba kila mmoja atapata nusu ya zamu yake, tukaingia kwenye mifereji. Ndiyo desturi yetu, na sikuwahi kuifikiria hata siku moja. Lakini asubuhi ile nilisimama na jembe langu nikashindwa kuondoka, kwa sababu Vitus hakusema maji yaliyovuja yalikuwa ya jirani yetu Wilbard, na yaliyobaki ni ya Agape.

Kaka, kwenye daftari langu mimi nilisema hivyo. Nusu niliyouza Januari, niliiandika E. Ilikuwa yako.

Naapa kwamba siku ile nilidhani nakuokoa. Nilifikiri mimi nitavumilia hasara, lakini wewe unategemea fedha hiyo kwa nyumba, basi wewe utoke kwanza. Nikasema ndiyo upendo wa dada. Ukweli mwingine ni kwamba nilimwogopa zaidi Eliufoo wa Desemba kuliko hasara yenyewe. Bei ziliporudi nikaanza kujifariji kwamba nimeandika kabla ya kujua, kwa hiyo haki ni haki: yako imepungua, yangu imekua, na sikuiba kitu. Daftari ni langu, jina ni langu, hakuna ambaye angeniuliza. Hata nilikwenda Same nikauliza bei ya bati kwa ajili ya jiko langu, nikachagua na rangi, kijani, wakati nyumba yako haina hata jiwe la kwanza. Na baada ya ile asubuhi ya ndiva nilikaa wiki tatu nzima najua ninachopaswa kufanya na sikufanya. Hizo wiki tatu ndizo zinazoniaibisha kuliko Januari.

Jana nilichukua kalamu nikafuta E, nikafuta A. Nikaunganisha zilizoko benki na thamani ya zilizoko kwenye hisa, nikagawa kwa mbili. Nilirudia mara nne kwa sababu sikuamini. Kila mmoja wetu ana laki sita na elfu sabini na tano. Umeona, kaka? Kila mmoja ana zaidi ya alichoanza nacho. Hasara niliyokuwa nimekutwika peke yako, iliyoninyima usingizi, tulipoishika wawili haikuwa hasara tena. Nililia, mama akaja kuniuliza, nikamwambia yote. Akasema nikuandikie leo, na kwamba niandike vizuri, si kwa haraka.

Daftari lenyewe nalifunga pamoja na barua hii, na tangawizi mbichi kidogo ya shamba lako, nitampa kondakta wa basi pale stendi ya Same. Sina nakala. Soma kurasa zote, hata zile nilizofuta, uone mwandiko wangu. Ukitaka sehemu yako yote iwe taslimu niandikie, nitauza, na safari hii nitauza bila kukimbia. Ukitaka tuache kidogo kapuni, tutaacha. Kama unataka tu kunigombeza, nigombeze hapa nyumbani, mbele ya mama, makande yakiwa tayari.

Pokea salamu za mama, anasema uje na sweta kwa sababu huko umezoea joto. Wilbard, Ernesta na majirani wote wanakusalimu, na Vitus anakukumbusha kwamba ukuta wa ndiva bado unahitaji mikono, usije ukajificha kwenye kiwanja chako. Wasalimu wifi na watoto.

Na saruji ya msingi, kaka, tafadhali usinunue bila mimi. Twende wote dukani. Nataka uipigepige mifuko hiyo kwa mkono wako, kisha nikuambie mbele ya mwenye duka kwamba ni yetu.

Ni mimi mdogo wako,
Agape