Saa Moja Angani Hadi kwa Naim

Jumatatu, 12 Mei

Naim amepiga simu kutoka Nairobi. Siku ya opereshoni imeletwa karibu — si wiki ijayo tena, ni Alhamisi hii. Sauti ya ndugu yangu imeisha. Ile mashine ya kusafisha damu haimsaidii kama zamani. Ati nikibadilisha nia hatanilaumu. Nikamwambia anyamaze, asimalize pumzi bure. Figo ni yangu, ndugu ni wangu. Niliamua kitambo.

Wananitaka hospitali Jumatano kabla ya jioni, wanipime damu mara ya mwisho. Na daktari anataka nifike nimepumzika. Kwa gari kutoka Kitale ni siku nzima, mgongo wote unauma. Kwa ndege ni kilomita mia tatu na kitu, saa moja hivi, uko uwanja wa Wilson, Nairobi. Nimekata tiketi. Sijawahi kupanda ndege. Siogopi.

Sawa — naogopa kidogo.

Jumanne, 13 Mei

Nimeenda Bungoma kumwambia Mama. Nimemkuta nyuma ya nyumba akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Akasema alimzika Baba, akamzika dada yetu Aaliyah, amebaki na mimi na Naim tu.

"Sasa mnataka nikae hapa ningoje simu moja ya watoto wawili?"

 Nikasema mtu anaishi vizuri na figo moja, daktari ameniambia. Akasema daktari hakunizaa. Nikamwomba dua. Akainuka, akaenda kutawadha, akaswali, akabaki chumbani. Nimengoja mpaka nikaona haya, nikaondoka.

Nimelia garini hadi Kamukuywa, njiani kurudi Kitale. Ajabu — kesho nitafika kwa Naim haraka kuliko ninavyofika nyumbani kwangu Kibomet, hapa Kitale, kutoka kwa Mama.

Naenda. Na dua au bila.

Jumatano, 14 Mei

Kiwanja cha ndege, asubuhi. Wingu limelala chini kabisa. Tumeisikia ndege juu yetu, ikizunguka. Ikazunguka tena. Halafu kimya.

Kipsang, anayepokea abiria hapa, ametoka na simu mkononi. Rubani hakuona chini, amekwenda kutua Eldoret. Anayetaka arudi kesho. Anayetaka aifuate huko, kuna gari. Wengi wamebeba mizigo yao wakaenda nyumbani. Kesho! Kesho mimi natakiwa niwe kwenye meza ya opereshoni. Nimesema Eldoret.

Nageuka — Mama yuko getini. Ametoka Bungoma na gari la kwanza, viatu vimejaa matope. Hakunisalimia.

"Na hiyo ndege ikikataa tena?"

Nikamwambia nitaenda kwa gari.

"Na gari likikataa?"

"Nitatembea, Mama."

Akaniangalia sana. Akachukua mkoba wangu begani, akaingia garini mbele yangu.

Tumepita Moi's Bridge. Naandika kwa simu, barabara inanirusha. Eldoret hadi Nairobi ni fupi zaidi, Kipsang amesema, hata saa haifiki. Naim ametuma ujumbe: uko wapi? Sijamjibu. Mkoba uko mapajani mwa Mama, ameukumbatia kwa mikono miwili. Kitambulisho changu kimo ndani. Sijui ananibebea au ananizuia. Sijathubutu kuuomba.

Dereva ameuliza nani anapanda ndege, apige simu uwanjani wasiiache iondoke.

Mama amejibu kabla yangu. "Sisi."

Tiketi ni moja.